Shaaban Robert: Karani Aliyeandika Riwaya

Nianze kwa kukiri jambo ambalo baadhi yenu, wapenzi wasomaji, mtalicheka. Mpaka nafikisha umri wa miaka ishirini na miwili nilikuwa nikiamini kwamba Shaaban Robert alikuwa profesa wa chuo kikuu. Hakuna aliyeniambia hivyo, nilijitungia mwenyewe kichwani. Shuleni tulimsoma kama tulivyosoma milima na mito: kazaliwa lini, kafa lini, kaandika nini, taja dhamira tatu, toa mifano. Nikawaza, mtu ambaye vitabu vyake vinaulizwa kwenye mtihani lazima awe amesoma mpaka mwisho wa kusoma. Na kwa kuwa mimi niliishia kidato cha nne, na cheti chenyewe nikikuonyesha utanionea huruma, nikajua kabisa kwamba yeye na mimi hatukutani popote.

Naishi Ufukoni, hapa hapa Mtwara. Msimu wa korosho ukifika nafanya ukarani ghalani. Kazi yangu ni kusimama kando ya mizani, kuandika uzito wa gunia, jina la mkulima na namba ya stakabadhi. Gunia likishuka linapanda jingine. Jioni narudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye kope, nakoga, nakula, halafu nafungua kaunta buku langu na kuandika riwaya. Mpaka sasa nimejaza kaunta buku tatu. Sura nne za mwanzo nilizipeleka stesheneri wakanichapia kwa bei ya ukurasa, nikazituma kwa mchapishaji mmoja ambaye jina lake nalihifadhi. Mwaka wa pili huu sijapata hata mstari mmoja wa kuniambia kwamba bahasha ilifika.

Rafiki yangu mmoja, tena mtu anayenipenda, aliniambia: “Kaka, riwaya ni mambo ya watu wa chuo. Wewe unashinda ghalani, utaandika nini?”

Sikuwa na la kumjibu. Makala haya ndiyo jibu langu, ingawa limechelewa.

*

Jibu lilianzia kwa jirani yetu, mzee mmoja aliyestaafu kazi ya bandarini. Siku hiyo nilipita barazani kwake kumwamkia.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Nasikia unaandika vitabu.”

“Najaribu tu, babu.”

“Ngoja.” Akaingia ndani, akarudi na kitabu kisicho na jalada, kimeshonwa kwa uzi wa nyavu. Kilikuwa Kusadikika. “Huyu alikuwa karani wa forodha,” akasema. “Mwenzetu. Alikuwa akihesabu mizigo kama sisi.”

Nilimtazama nikidhani utani. Mzee huyu ana asili ya Masasi, na watu wa huko utani wanao. Lakini hakuwa akitania. Nilikwenda maktaba ya mkoa, nikasoma, nikauliza walimu wangu wa zamani, nikasoma tena. Haya ndiyo niliyoyapata.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, kusini ya mji wa Tanga. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Wajerumani, na vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu nyuma yake. Wazee wake walikuwa na asili ya Uyao. Kwa hiyo sisi watu wa kusini, ambao Wayao ni majirani zetu na wengine ni ndugu zetu wa damu, tunayo haki kidogo ya kumwita mjomba. Yeye mwenyewe alijihesabu Mswahili, na Kiswahili alikiita lugha yake bila kumwomba mtu ruhusa.

Mwaka 1922, akiwa kijana wa miaka kumi na mitatu, alikwenda kusoma Dar es Salaam. Alisoma mpaka 1926 akapata cheti. Basi, shule rasmi ikaishia hapo. Miaka minne ya Dar es Salaam! Ukiipima kwa kipimo cha leo, baba huyu wa riwaya ya Kiswahili asingeitwa hata kwenye usaili wa kazi ninayoifanya mimi.

Mwaka huohuo wa 1926 aliajiriwa ukarani katika idara ya forodha, na humo alikaa mpaka 1944. Sehemu kubwa ya utumishi huo ilikuwa Pangani. Anayetoka pwani hahitaji kuelezwa sana Pangani ni mji wa namna gani. Ni mji wa mdomo wa mto, kama vile kwetu ulivyo mdomo wa Ruvuma: mto unamwaga maji yake baharini, majahazi yanaingia na kutoka na upepo, na serikali inamweka pale mtu mwenye kalamu aandike kilichoingia na kilichotoka, kisha atoze ushuru. Mtu huyo alikuwa Shaaban Robert kwa karibu miaka kumi na minane.

Baada ya hapo akahamishiwa bara, kwenye idara iliyoshughulika na wanyama, mpaka 1946. Akarudishwa Tanga, akafanya kazi ofisi ya wilaya mpaka 1952. Kisha idara ya upimaji ardhi mpaka 1960. Jumlisha mwenyewe: tangu 1926 hadi 1960 ni miaka thelathini na minne ya kwenda kazini asubuhi. Na ndani ya miaka hiyohiyo yametoka mashairi, tenzi, insha, wasifu na riwaya, vitabu zaidi ya ishirini. Mkewe wa kwanza, Amina, alimfia akamwachia watoto. Bintiye Mwanjaa alimwandikia Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume akamwandikia Utenzi wa Adili, ndiyo kusema hata malezi ya nyumbani aliyapitisha kwenye karatasi.

Sasa niulize: vitabu vyote hivyo aliviandika saa ngapi? Mchana wa kazi ulikuwa wa mwajiri. Zilizobaki ni saa hizihizi ninazozijua mimi, baada ya kuoga na kula, wakati mwenzio amelala na taa inakula mafuta.

*

Ili tuelewe ukubwa wa kazi yake, hatuna budi kutazama alikuta nini mezani. Ushairi wa Kiswahili ulikuwapo tangu zamani, na huku kwetu kusini hatukuwa nyuma: mshairi wa Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini, aliandika utenzi wa vita vya Maji Maji mapema katika karne iliyopita. Lakini riwaya, yaani hadithi ndefu ya nathari iliyokusudiwa kusomwa kimyakimya, ilikuwa jambo geni. Serikali ya Waingereza ilipotaka vitabu vya kusoma shuleni ilitafsiri vya kwao. Mwaka 1929 watoto wa shule waliletewa Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, na baadaye kidogo wakaletewa safari za Gulliver. Mwaka 1934 ndipo James Mbotela wa Kenya alipotoa Uhuru wa Watumwa, kitabu ambacho wengi wanakihesabu kuwa riwaya ya kwanza ya Kiswahili iliyoandikwa na Mwafrika, ingawa wapo wanaokiona ni historia iliyovalishwa nguo za hadithi.

Kwa hiyo karani wetu wa Pangani alipoanza kupeleka mashairi yake katika gazeti la Mambo Leo miaka ya 1930, hakuwa na kaka wa kumfuata katika riwaya. Hakukuwa na chuo cha waandishi wala semina. Alikuwa na hadithi za Alfu Lela Ulela, vitabu vya tafsiri, tungo za wazee, na daftari la forodha.

Ninalitaja daftari la forodha kwa makusudi, maana hapa ndipo ninapotofautiana na yale niliyofundishwa. Shuleni tuliambiwa kwamba Shaaban Robert ni mwandishi wa adili: anafundisha wema, anakemea uovu, vitabu vyake ni mahubiri mazuri. Sikatai. Lakini nilipokisoma kitabu cha babu, usiku, baada ya siku nzima ya mizani, nilisoma kitu kingine. Nilisoma kitabu cha mtu anayeijua ofisi.

Chukueni Kusadikika yenyewe, iliyotoka mwaka 1951. Nchi inaelea hewani. Kijana Karama anashtakiwa na Waziri Majivu mbele ya mfalme kwa kosa la kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria, watu wajue haki zao. Karama anapewa siku sita za kujitetea. Anafanya nini? Halii wala hatukani. Anafungua majalada! Kila siku anasimulia habari ya mjumbe mmoja aliyewahi kutumwa na serikali kwenda pande za dunia, mbinguni na ardhini, kutafuta manufaa ya nchi. Wajumbe sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kila mmoja alikwenda kwa amri, akapata taabu njiani, akarudi na taarifa yenye faida kwa nchi, na malipo yake yakawa kifungo.

Hebu nawe uliyewahi kuajiriwa, niambie kama hukuijua hadithi hiyo kabla hujaisoma. Unatumwa, unakwenda, unarudi na taarifa, na taarifa inakugeukia wewe. Mimi mwenyewe msimu mmoja niliandika kwamba mizani fulani inapunja, mkulima anapoteza kilo kwa kila gunia. Niliandika vizuri, kwa tarehe na namba. Kesho yake nilihamishwa kwenye mizani nikapelekwa kushona magunia. Sikufungwa, la hasha, lakini nilipofika kwenye habari za Buruhani nilifunga kitabu kwanza, nikatoka nje kupunga upepo.

Adili na Nduguze, iliyotoka mwaka 1952, nayo itazameni inavyoanza. Watu wengi wanakumbuka manyani: ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wamegeuzwa manyani kwa uovu wao, na Adili analazimika kuwapiga kila usiku huku moyo unamuuma. Kisa hicho kina mizizi katika Alfu Lela Ulela. Lakini siri ya manyani inafichuka vipi? Inafichuka kwa sababu kodi ya Janibu imechelewa, na Mfalme Rai amemtuma mtu wake, Ikibali, akaifuatilie! Hadithi nzima imefunguliwa na mtumishi wa serikali aliyetumwa kudai kodi. Msomaji wa kawaida anapita hapo haraka awafikie manyani. Karani anasimama, anatabasamu.

Na Utubora Mkulima? Ni habari za mtu anayeiacha kazi ya mshahara na kwenda kushika jembe. Niliposoma nilisema moyoni: hii ni ndoto ya kila karani wa dunia hii, saa tisa alasiri, jua likiwa limekaza.

Sisemi kwamba hivyo ndivyo alivyokusudia mwandishi. Ninachosema ni kwamba hakuandika licha ya ukarani wake. Ukarani wenyewe ulimpa mali ya kuandikia: barua za amri, safari za kikazi, mashtaka, majalada, wakubwa wanaosikia na wasiosikia. Rafiki yangu aliyeniuliza “unashinda ghalani, utaandika nini” alikuwa na swali sahihi, ila jibu lake limo ndani ya swali lenyewe. Nitaandika ghala.

*

Kuna jambo la huku kwetu ambalo sikuweza kuliondoa akilini nilipokuwa nasoma Kusadikika. Bandari yetu hii ya Mtwara ilijengwa kwa sababu ya karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula, na mwaka 1946 wajumbe watatu walitumwa Afrika Mashariki kuangalia kama karanga zinaweza kulimwa kwa mashamba makubwa ya matrekta. Wakazunguka kwa wiki kama tisa, wakaandika taarifa tamu. Mwaka 1947 kazi ikaanza: Kongwa, Urambo, na kusini kwetu Nachingwea, pamoja na bandari ya Mtwara na reli ya kwenda huko. Ardhi ikawa ngumu, mvua haikufuata karatasi, matrekta yakavunjika. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 30 za walipa kodi wa Uingereza zikawa zimeteketea.

Mwaka 1951 ndio uleule ilipotoka Kusadikika. Tafadhali msinielewe vibaya: Shaaban Robert hakuandika juu ya karanga. Lakini mtu wa Mtwara akisoma habari za nchi inayoelea hewani, ambamo wajumbe wanatumwa na wenye amri wanachagua wenyewe taarifa ya kuipenda, hawezi kuacha kutazama bandarini. Wajumbe wa Karama walileta taarifa nzuri wakafungwa. Wajumbe wa karanga walileta taarifa mbovu ikashangiliwa. Mwandishi aliyekaa Tanga aliuona ugonjwa huo bila kufika huku, kwa sababu ugonjwa wenyewe unakaa ofisini, na yeye alikuwa mtu wa ofisini.

Kumbukeni pia kwamba alikuwa mtumishi wa serikali hiyohiyo. TANU ilikuwa haijazaliwa, ilizaliwa mwaka 1954. Mtu anayelipwa mshahara na mkoloni anaandika habari za utawala unaowafunga watu wake kwa kosa la kusema kweli, na anachapishiwa na kampuni ya Kiingereza! Ameiweka nchi hewani ili hakuna ardhi yoyote itakayosema “ni mimi ninayesemwa.” Kwa sisi vijana tunaodhani ujasiri ni kupiga kelele, hapo pana somo.

*

Lakini tusimfanye malaika, maana hata yeye hakufanya ufundi wote. Nitasema kasoro zake ninavyoziona, na wakubwa mniwie radhi.

Kwanza, watu wake wana majina yanayotangulia kusema kabla wao hawajafungua kinywa. Ukiitwa Majivu umekwisha, huwezi kutenda wema hata ukitaka. Ukiitwa Adili huna usiku wa kujuta. Mimi katika ghala letu sijamwona Adili wala Hasidi. Nimewaona watu ambao asubuhi ni Adili na jioni, mtoto akiugua na fedha ikiwa haipo, wanakuwa Hasidi. Pili, mwisho wa Kusadikika unanisumbua. Karama anashinda, mfalme anaelewa, wafungwa wanatoka. Nimesoma mwisho huo mara tatu, na mara zote tatu nilitamani kuuamini.

Walionifuatia kwa umri wananiambia siko peke yangu. Euphrase Kezilahabi, ambaye Rosa Mistika yake ya 1971 ilitikisa nchi nzima, alimfanyia Shaaban Robert utafiti wa shahada ya uzamili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1976, akimtazama kama mwandishi wa riwaya. Kisha yeye mwenyewe akaandika riwaya za namna nyingine kabisa, ambamo watu wana majina ya kawaida na mwisho hauna mfalme wa kuokoa. Ndivyo ilivyo, mdogo akishapanda mabegani kwa kaka anaona mbali zaidi. Ila asisahau kwamba amepandishwa.

*

Mjini nilipokuwa nikisoma haya yote nilikutana na habari za mwandishi mmoja wa Ufaransa, Marcel Proust. Nilishangaa nilipolinganisha tarehe. Proust alizaliwa mwaka 1871 na akafa tarehe 18 Novemba 1922, mwaka uleule Shaaban Robert aliopelekwa shule Dar es Salaam. Mfaransa huyu aliandika riwaya moja ndefu yenye juzuu saba. Juzuu ya kwanza wachapishaji waliikataa, akailipia gharama mwenyewe, ikatoka mwaka 1913. Mwaka 1919 juzuu ya pili ikapata tuzo kubwa ya Goncourt. Juzuu tatu za mwisho hakuziona, zilitoka amekwisha zikwa, ya mwisho kabisa mwaka 1927.

Huyo alikuwa mtoto wa tajiri, hakuwahi kuamka kwenda kazini ili ale. Na bado mlango ulifungwa usoni pake. Nilifarijika, nisidanganye. Kumbe bahasha isiyojibiwa haichagui kabila.

Na Shaaban Robert naye? Miswada yake ilihangaika duniani kama barua iliyopoteza anwani. Baadhi ya vitabu vyake vilichapishwa London, vingine Johannesburg, kama Kielezo cha Insha cha mwaka 1954, vingine hapa Afrika Mashariki. Mwishowe akaamua kuchapisha mwenyewe hukohuko Tanga: Almasi za Afrika ilitoka hivyo mwaka 1960. Heshima alizipata, ikiwemo tuzo ya kumbukumbu ya Margaret Wrong na nishani ya MBE ya Waingereza. Alikuwa mjumbe wa kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Lakini nishani haichapi kitabu.

Barua zake alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge, ambaye naye alikuwa mwandishi, zilikusanywa na Profesa Mulokozi na kutolewa kitabu mwaka 2002. Ni barua za tangu 1931 hadi 1958. Kwa kijana anayeota kuandika, naomba kitabu hicho akitafute kuliko kitabu chochote cha kanuni za utunzi. Humo hakuna sanamu, mna mtu na ndugu yake, na maisha ya mtumishi mdogo aliyeng’ang’ania kalamu kwa miaka ishirini na saba.

Shaaban Robert alifariki dunia mwezi Juni 1962, akiwa na miaka hamsini na mitatu. Tanganyika ilikuwa huru kwa miezi sita tu. Alizikwa Vibambani, pale alipozaliwa. Alikuwa na miaka miwili tu tangu aache kazi, na ndiyo kwanza saa zote za mchana zilikuwa zake.

Sasa sikilizeni hili. Kufikirika ilitoka mwaka 1967. Utenzi wa Vita vya Uhuru, kazi kubwa ya maelfu ya beti kuhusu Vita Kuu ya Pili, ilitoka mwaka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitoka mwaka 1968. Riwaya tatu kati ya zile zinazomfanya aitwe mwandishi wa riwaya hakuwahi kuzishika mkononi zikiwa vitabu. Utenzi ule wa vita aliutunga miaka ya 1940, ukakaa zaidi ya miaka ishirini ukisubiri. Leo ipo barabara Dar es Salaam yenye jina lake, na vitabu vyake kadhaa vimechapishwa upya na Mkuki na Nyota. Yote hayo yamekuja yeye akiwa kaburini.

Nilipofika hapo katika kusoma, nilikaa kimya muda mrefu. Ningependa kuwaambia vijana wenzangu kwamba habari hii ilinitia moyo. Kwa kweli kwanza ilinitia hofu. Nani anataka kungoja mpaka afe? Mama yangu akiniona nimewasha taa saa sita za usiku anasema, “Mwanangu, umeme wa luku huo unaisha, na hicho unachoandika hakijaleta hata mchele.” Mama hasemi uongo. Mke wa karani wa Pangani, nadhani, alikuwa na haki ya kusema hivyohivyo juu ya mafuta ya taa.

Lakini nilijiuliza: miswada ile ingekuwa wapi kama siku moja, kwa hasira ya kutojibiwa, angeitupa? Watu waliochapisha mwaka 1967 na 1968 wangechapisha nini? Hatuwezi kumlazimisha mchapishaji ajibu, wala hatuwezi kujipa umri mrefu. Kilicho mikononi mwetu ni viwili tu: kuandika kilichoandikika kwa saa zilizobaki, na kukihifadhi kisiliwe na mchwa.

Juma lililopita nilikirudisha kitabu cha babu. Alikipokea akakipapasa mshono, kisha akaniuliza, “Umeona basi?”

“Nimeona, babu. Alikuwa mwenzetu.”

“Na lako lini?”

Nikamwambia sijui. Akacheka, akaniambia nisikae sana, msimu unafungua.

Na kweli unafungua. Jumatatu narudi ghalani. Kaunta buku la nne nimeshanunua. Sura ya kwanza ndani yake inaanza na mizani inayopunja, na mtu anayesimama kando yake akiandika. Sijampa jina bado. Ninachojua ni kwamba hataitwa Adili.